Kwa bwana shamba na bibi shamba wapya: vijueni virusi vya muhogo kabla hamjakata pingili

Kila mwaka tunaletewa vijana wapya. Wengine wana diploma, wengine shahada, wanapangiwa kata za Muheza, Mkinga, Pangani na vitongoji vya Tanga mjini. Wanajua mbolea, wanajua nafasi za kupandia mahindi, viwavijeshi wanavitambua wakiwa mbali. Nikiwauliza kirusi ni nini, wananijibu walivyokariri: kiumbe kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Nikiuliza kimeundwa na nini, kinaingiaje kwenye seli, kinazaanaje, wanatazamana. Hapo najua kwamba muhogo utawaadhiri mbele ya wakulima, kama ulivyoniadhiri mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Bibi mmoja alikuwa na nusu eka ya muhogo upande wa barabara ya Muheza, muhogo mrefu, umenyooka, na majirani walishaanza kuutamani. Akaniita niukague kabla hajagawa mbegu. Nikapita mstari kwa mstari, macho juu, naangalia majani machanga ya kileleni. Hayakuwa na mabaka wala mikunjo. Nikamwambia, "Bibi, mbegu hii safi kabisa, wagawie wenzako." Akagawa. Nyumba tisa zilipanda kutoka shamba lile.

Miezi kumi na moja baadaye nikaitwa. Nilikuta fungu la mihogo limewekwa juu ya mkeka, minene kama mkono wa mtu mzima, ganda zuri. Bibi akachukua kisu, akakata mmoja kipande. Ndani palikuwa na mabaka ya rangi ya kutu, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, wa tatu, yote hivyo hivyo. Hakunigombeza. Aliniwekea kipande mkononi akaniuliza, "Mwanangu, siku ile wewe ulitazama nini?"

Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka ishirini. Nayaandika haya ili nanyi mkiulizwa muwe na la kujibu.

Nilikuwa nimetazama batobato, nikasahau michirizi ya kahawia. Ni magonjwa mawili, yanaletwa na virusi wa koo mbili zisizohusiana hata kidogo, ila yanakaa katika shamba moja na mara nyingi katika shina moja. Batobato hujionyesha juu: majani machanga yanakuwa na mabaka ya kijani kilichofifia na njano, yanajikunja, yanapinda upande mmoja, yanadumaa. Michirizi ya kahawia hujificha chini. Tazama majani yaliyokomaa, yale ya chini ambayo mtu huyapita akiwahi kufika kileleni, utaona njano inayofuata mishipa ya jani kama manyoya, huku jani lenyewe likibaki na umbo lake. Kisha tazama shina likiwa bado la kijani, utaona mistari ya kahawia. Na mara nyingine hutaona chochote juu ya ardhi. Utaona siku ya kung'oa.

Kwa hiyo ukifika shambani, inama. Majani ya chini hudondoka yenyewe kadiri muhogo unavyokua, na yakidondoka ushahidi umekwenda nayo. Ndiyo sababu ukaguzi wa mara moja, wakati wa kuvuna mbegu, hautoshi. Pita mapema muhogo ukiwa na miezi mitatu, pita tena ukiwa na miezi sita, na siku ya kukata mashina ng'oa miche kadhaa hapa na pale, ukate mizizi vipande kutoka shingoni hadi nchani. Mkulima atakusikitikia mihogo yake. Mwambie utamsaidia kuimenya.

Kwetu hapa muhogo si chakula cha kungojea njaa. Asubuhi ni muhogo wa kuchemsha na chai, mchana kisamvu cha nazi, jioni bada kwa samaki. Anayepoteza muhogo Tanga amepoteza sehemu ya kila mlo wa siku.

Jambo ambalo vijana wengi hawajui ni kwamba sayansi ya virusi hivi imeanzia hapa hapa kwetu, na linastahili kuwapa fahari. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio cha kauri kinachozuia bakteria, na utomvu uliopita bado ukaambukiza tumbaku nzima. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akarudia jambo hilo na kusisitiza kwamba hiki ni kitu kingine kabisa, kinachoongezeka ndani ya seli hai tu. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1894, Mjerumani Otto Warburg alikwishaandika habari za majani ya muhogo yanayojikunja katika nchi hii yetu. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya batobato la muhogo inayojulikana duniani. Kisha, mwaka 1936, H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule juu ya Usambara Mashariki, akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza. Ukisimama Muheza asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, milima ile unaiona.

Storey na wenzake hawakuishia kuandika. Walichukua muhogo wakauzalisha na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira ambao wazee bado wanao kwenye mipaka ya mashamba, wakitafuta ukinzani. Mbegu zilizotokana na kazi ya Amani zilipelekwa hadi Nigeria, na ukinzani ule ukaingia katika aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo. Nikiwasikia vijana wakisema utafiti ni mambo ya Ulaya, huwa nawaonyesha mlima.

Turudi kwenye kirusi chenyewe. Jifunzeni umbo lake vizuri, maana ushauri wote mtakaompa mkulima unatoka hapo.

Kirusi si seli. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni maagizo yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, basi. Maagizo hayo yameandikwa kwa DNA au kwa RNA, kamwe si kwa vyote viwili katika kirusi kimoja. Virusi wengine wa binadamu na wanyama wana koti la nje la mafuta walilolichukua kwenye seli waliyotoka, kama virusi vya UKIMWI, vya mafua na vya UVIKO-19. Sabuni huliyeyusha koti hilo, na ndiyo maana tulinawa mikono sana mwaka 2020. Mwaka ule ule kijana mmoja wa ugani alikuja na wazo la kuloweka pingili katika maji ya sabuni. Nilimpenda kwa kufikiri, lakini nilimweleza kwa nini haitasaidia: virusi vya muhogo havina koti la mafuta, na tena haviko juu ya ganda la pingili, viko ndani ya seli zake. Ungeosha mpaka kesho.

Kirusi cha batobato kina umbo la ajabu. Ni vidonge viwili vilivyoshikana kama mapacha, upana wake nanomita 20 hivi na urefu 30. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa hiyo ukivipanga kwa urefu, zaidi ya 30,000 vitaingia katika milimita moja ya rula yako. Ganda lake limejengwa kwa nakala 110 za protini ya aina moja tu, kama nyumba iliyojengwa kwa tofali la namna moja. Ndani mna duara la DNA ya uzi mmoja, lenye herufi kama 2,700 hadi 2,800. Ugonjwa kamili unahitaji maduara mawili, moja lenye maagizo ya kuzaliana na kutengeneza ganda, la pili lenye maagizo ya kusafiri kutoka seli hadi seli, na kila duara husafiri katika jozi yake ya vidonge pacha. Vinasaba vyote pamoja ni vinane. Vinane tu, na vinaangusha shamba la eka kumi.

Kirusi cha michirizi ya kahawia ni kinyume chake. Hicho ni kama uzi mwembamba unaopindika, urefu wa nanomita 650 hivi. Maagizo yake ni RNA ya uzi mmoja yenye herufi karibu 9,000. Kwa namna anavyosoma maagizo yake anafanana zaidi na kirusi cha polio kuliko na mwenzake wa batobato anayeishi naye shina moja.

Sasa swali ambalo mkulima atawauliza, na liheshimuni: "Nikila kisamvu cha muhogo wenye batobato, nami nitaugua?" Hapana. Na sababu iko kwenye umbo. Kirusi cha binadamu kina ufunguo unaoingia kitasa maalumu cha seli zetu. Cha UKIMWI hushika kitasa kiitwacho CD4 kwenye chembe nyeupe za damu, na hicho hakiko kwenye muhogo. Seli ya mmea kwa upande wake imezungukwa na ukuta mgumu, hivyo virusi vyake havina habari ya ufunguo wala kitasa. Vinangoja ukuta utobolewe. Mtobozi wa muhogo ni inzi mweupe, mdudu wa milimita moja hivi anayekaa chini ya majani machanga, ukitikisa shina wanaruka kama unga uliopulizwa.

Inzi anapochoma mrija wa chakula wa mmea ili anyonye, anaacha kirusi ndani. Hapo ndipo kuzaliana kunapoanza, na hapa nawaomba msome taratibu.

Mfikirie fundi cherehani wa Ngamiani. Ana mashine yake, nyuzi zake, vitambaa vya wateja wake, kazi zake zimepangwa. Anaingia mgeni hana chochote isipokuwa kielelezo cha karatasi. Kirusi cha batobato ndiye mgeni huyo. Kikishaingia, ganda linaachia, DNA inaenda moja kwa moja kwenye kiini cha seli. Vimeng'enya vya muhogo wenyewe vinaukamilisha uzi ule mmoja kuwa nyuzi mbili, vikidhani ni DNA ya nyumbani, kisha vinasoma maagizo yake na protini za kirusi zinaanza kutengenezwa. Mojawapo ya protini hizo huukata uzi mmoja wa duara mahali maalumu, na mashine ya kunakili inazunguka duara hilo ikitoa nakala mpya mfululizo, kama uzi unaofunguliwa kwenye kibiringo. Nakala zinakatwa, zinafungwa kuwa maduara, zinavikwa ganda.

Lakini seli ya jani lililokomaa ilikwishaacha kunakili DNA yake. Cherehani imefunikwa, fundi amelala. Kirusi hiki humwamsha. Protini yake inaishika ile protini ya mmea inayozuia seli isigawanyike, na seli inarudi kwenye hali ya kunakili DNA kama vile ingali changa. Virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, vinafanya hila ya aina hiyo hiyo kwa seli za binadamu. Nilipolijua hili mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Kiumbe cha muhogo na kiumbe cha mwili wa mama zetu, na mlango wanaougonga ni mmoja.

Kirusi cha michirizi hakiendi kwenye kiini. Kinabaki kwenye ute wa seli. RNA yake inasomwa papo hapo na mitambo ya seli inayotengeneza protini, na kinachotoka ni protini moja ndefu sana, ambayo inajikata yenyewe kuwa protini kumi, kila moja na kazi yake. Mojawapo ni kimeng'enya cha kunakili RNA kutoka kwenye RNA. Huyu sasa ni mgeni anayekuja na maelezo ya kuunda cherehani yake mwenyewe. Cherehani hiyo ina kasoro: haihakiki kazi yake. Inakosea herufi mara kwa mara na hairudi nyuma kusahihisha. Nakala nyingi zinaharibika na kufa, ila chache zinatoka na mabadiliko yanayozifaa. Ndiyo maana virusi vya RNA hubadilika haraka, na aina ya muhogo iliyostahimili miaka kumi iliyopita mnapaswa kuiangalia upya, msiiamini kwa sifa zake za zamani.

Mmea nao haukai tu. Ukiona RNA ya nyuzi mbili, ambayo ni dalili ya kirusi kunakiliwa, huikatakata vipande vidogo vya herufi 21 hadi 24, kisha huvitumia vipande hivyo kama picha za kumtafutia mhalifu. Kila RNA inayofanana na picha inakatwa. Ni kinga nzuri sana. Lakini virusi vyote viwili vina protini za kuizima kinga hiyo, na kila kimoja kinaizima kwa njia yake. Hapo ndipo maafa ya kuchanganyika yanapotokea. Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, batobato kali lilisambaa hadi wakulima wakaacha kulima muhogo katika maeneo mengi. Watafiti walikuta aina mbili za kirusi cha batobato ndani ya mmea mmoja, zikisaidiana kuizima kinga, na wakakuta pia kirusi kipya kilichozaliwa kwa aina hizo mbili kubadilishana vipande vya DNA. Ukikuta shamba lenye batobato kali kuliko ulivyozoea, mche umedumaa umebaki kama kichaka, usiandike tu "batobato". Andika kwamba ni kali, na utoe taarifa.

Kuhusu madhara nitasema kwa ufupi kwa sababu mtayaona wenyewe. Batobato hula mavuno kupitia jani: kijani kinapungua, jani linapinda, chakula hakitengenezwi, mizizi inabaki membamba. Mkulima anajua mapema kwamba mambo si mazuri. Michirizi inakwenda kwenye mzizi wenyewe na kuuozesha ukavu, baada ya mkulima kumaliza palizi zote, na yeye anatembea kifua mbele akiuangalia muhogo wake ulivyostawi. Kwangu mimi huo ndio ugonjwa mbaya zaidi kati ya hayo mawili. Unamwacha mtu atumie nguvu zake zote kwanza.

Namna inzi anavyovibeba nayo ni tofauti, na tofauti hiyo inabadilisha ushauri. Kirusi cha batobato huhitaji inzi anyonye kwa saa kadhaa, kisha hupenya utumbo wa inzi, huingia katika maji ya mwili wake hadi kwenye tezi za mate, na hukaa humo siku nyingi. Cha michirizi hushika sehemu za mdomoni tu. Inzi hukichukua kwa dakika tano hadi kumi, na baada ya siku moja au mbili kimemtoka. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kirusi hiki kwenye mdomo wa inzi ni hivyo hivyo. Maana yake kwa kazi yenu: inzi mmoja hawezi kukipeleka mbali sana. Ukiona michirizi imetokea wilaya ambako haikuwapo, usimlaumu inzi. Kilikwenda kwa gari, kwenye mzigo wa mashina. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa pwani, wa nchi iliyo chini ya mita 1,000, lakini tangu mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kisha Kanda ya Ziwa kwetu.

Tena kwa sababu hiyo msikubali kuwa mawakala wa wauza dawa. Atakuja mtu na chupa, atasema inaua virusi vya muhogo. Hakuna dawa ya kupuliza shambani inayomtoa kirusi ndani ya mmea. Kirusi kinatumia mitambo ya muhogo wenyewe, ukitaka kuua mitambo hiyo umeua muhogo. Dawa ya wadudu nayo, hata ikimuua inzi, mara nyingi haimuui kabla ya zile dakika kumi. Njia ya kusafisha ipo, lakini ni ya maabara: mmea huwekwa kwenye joto, kisha hukatwa ncha ndogo mno ya chipukizi, mahali ambapo kirusi mara nyingi hakijafika, na ncha hiyo hukuzwa kwenye chupa hadi iwe mche. Hiyo ndiyo asili ya mbegu safi inayopelekwa kwa wazalishaji.

Pingili moja ina sentimita 20 hadi 30. Ukipanda mita moja kwa mita moja, eka inakula pingili 4,000. Pingili iliyotoka kwenye shina lenye kirusi huwa nacho tangu siku ya kwanza, hakuna haja ya inzi kabisa. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuamua ni shina lipi likatwe na lipi lichomwe.

Mtasikia pia aina zinazosifiwa. Kiroba inajulikana sana pwani, na baadaye zikaja Chereko, Mkuranga 1, Kipusa na nyingine. Tofautisheni ukinzani na ustahimilivu. Mmea kinzani humzuia kirusi asizaliane ndani yake. Mmea stahimilivu humpa kirusi nafasi, ila hauumii sana. Kiroba huvumilia michirizi, mizizi yake mara nyingi inalika, lakini kirusi kinaweza kuwa ndani yake, na inzi akitoka hapo akaenda kwenye muhogo wa jirani wa asili, huyo jirani ndiye atakayelia. Msipande aina stahimilivu zenye ugonjwa kando ya shamba la mbegu. Kosa hili nimeliona likifanywa na watu wenye elimu kuliko yangu.

Sasa lililo gumu kuliko virusi: watu. Mbegu ya muhogo kwetu haiuzwi, inaombwa. Mtu anapita, anasalimia, anasifu muhogo, anaondoka na fungu la mashina begani. Ukifika na kusema tu, "Msipeane mbegu," utakuwa umewaambia wasijuane. Mimi hukaa kwanza. Shikamoo kwa wakubwa, habari za nyumbani, maji ya kunywa yakija nayanywa. Kisha naomba muhogo mmoja niukate mbele ya wote. Kisu kinasema vizuri kuliko mimi. Baada ya hapo nasema, peaneni kama kawaida, ila anayetoa akate mizizi kwanza mbele ya anayepokea, na mche usio mzima usikatwe shina. Hilo wazee wanalikubali, kwa sababu halivunji ujirani.

Kung'oa mche mgonjwa ukiwa mchanga ni kazi nyingine ya kubembeleza. Msing'oe wenyewe. Mpeni mkono mwenye shamba ang'oe mwenyewe, mkimweleza kwamba mche ule ungekuwa kiota cha kuwaambukiza wengine. Na kama mzee atasema shamba limetupiwa kijicho, msicheke na msibishane. Mwonyesheni inzi chini ya jani, mwacheni ahesabu.

Sampuli za maabara ziliniumiza sana mwanzoni. Nilikusanya majani ya mashamba kumi na mawili, nikayabana kwenye magazeti yakiwa bado na umande, nikayafunga kwenye mfuko wa plastiki, nikayapeleka baada ya siku sita. Yalikuwa yamevunda, na maabara ikayatupa. Jani la batobato, kwa kuwa linatafutwa DNA, linaweza kukaushwa kwenye karatasi likadumu, mradi karatasi ibadilishwe kila siku mpaka likauke kabisa. Jani la michirizi lina RNA, na RNA huvunjika upesi. Ulizeni maabara kwanza wanataka lihifadhiwe vipi, na lifike haraka. Kwa batobato chukua jani changa lenye dalili. Kwa michirizi chukua la chini. Ukichanganya, utapata jibu la "hakuna kirusi" kutoka kwenye shamba linalooza.

Katika mkoba wa siku ya kwanza weka kisu kikali, lenzi ya mkono, magazeti makavu, bahasha za karatasi, na penseli. Nasema penseli kwa sababu asubuhi huku kuna umande mzito, na wino wa kalamu hukimbia kwenye bahasha. Andika jina la kijiji, tarehe, aina ya muhogo kama mwenyewe anavyoiita, umri wake kwa miezi, na mahali jani lilipotoka: juu au chini.